Kila mwenye haki umpe haki yake: jinsi ninavyopanga malengo ya mwili, roho na nyumba

Nimeendesha trela miaka ishirini na miwili, Mombasa kwenda Malaba na kurudi. Nyumbani kwangu ni Bondeni, hapa Nakuru. Barabara yangu ya kazi ilipita karibu na mlango wangu, na bado nyumba ile nilikuwa mgeni. Nasimama saa moja, naoga, nakula, naacha pesa ya karo, napanda tena. Usiku natafuna miraa macho yasifunge, nashushia soda. Swala nazirundika moja juu ya nyingine mpaka zinanishinda, naziacha zote.

Usiku mmoja natoka Malaba nikiwa na mzigo, kwenye mteremko wa Sachangwan kabla ya Salgaa, nikasinzia. Turniboi wangu, msaidizi wa lori, alinipiga bega akipiga kelele, "Mzee! Mzee!" Nilipofumbua macho, taa nyekundu za lori la mbele zilikuwa zimejaa kioo chote. Breki zilishika. Niliegesha Salgaa nikakaa kitini, mikono inatetemeka, mpaka adhana. Wanaoijua barabara ile wanajua ni wangapi hawakupata hata nafasi ya kukaa na kutetemeka.

Hapo ndipo nilipoanza kujipangia maisha. Nilianza vibaya, na nataka nilieleze kosa hilo kwanza kwa sababu naliona kwa watu wengi ninaowapenda.

Niliacha masafa nikapata kazi ya basi la shule. Toba yangu ikaja na pupa. Kila siku naamka saa tisa usiku kwa tahajudi, swala ya hiari ya usiku, Jumatatu na Alhamisi nimefunga, baada ya isha nakaa msikitini kwenye darasa hadi saa nne, saa tano. Usingizi ukabaki saa nne kwa usiku. Miezi minne nilijiona nimenyooka. Siku moja mke wangu aliniwekea chai, akakaa mbele yangu, akasema bila kupandisha sauti: "Zamani barabara ilikuchukua, tukasema ni riziki. Sasa msikiti umekuchukua. Mimi na watoto zamu yetu ni lini?" Wiki ileile nilipimwa presha kwenye ukaguzi wa kazi. Ilikuwa 168 kwa 104.

Nilikwenda kwa maalim nikidhani atanisifu kwa ibada na kuniombea presha. Badala yake akanisimulia kisa cha Salman na Abu Dardaa, masahaba wawili wa Mtume. Salman alimtembelea ndugu yake akamkuta mkewe amejiachia, hajipambi, kwa kuwa mume amempa dunia kisogo: mchana amefunga, usiku amesimama kuswali. Salman akamwekea sharti, sitakula mpaka nawe ule. Usiku Abu Dardaa akitaka kuinuka, Salman anamwambia lala. Akijaribu tena, lala. Ilipofika sehemu ya mwisho ya usiku akamwambia sasa inuka, wakaswali pamoja. Kisha akamwambia kwamba Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki juu yako, na watu wako wana haki juu yako, basi kila mwenye haki umpe haki yake. Habari ilipomfikia Mtume akasema Salman amesema kweli.

Nilikuwa nimekisikia kisa hicho tangu madrasa. Siku hiyo nilikisikia kikitaja jina langu. Tangu hapo kila lengo ninaloweka nalipima kwa swali moja: hili ni deni la nani, na nikililipa, je, nitakuwa nimemkopa mwingine bila ruhusa yake?

Wiki ya kwanza usiweke lengo lolote

Nunua daftari la kawaida la shule. Gawanya ukurasa sehemu tatu: Mola wangu, nafsi yangu, watu wangu. Kwenye nafsi ingiza mwili na moyo pamoja, yaani usingizi, chakula, presha, hofu, hasira. Halafu kwa siku saba andika tu. Dereva haondoi gari kabla ya kulizunguka akaangalia tairi, oili, maji, taa na breki, na wakati wa kuzunguka haanzi kufungua nati. Anaangalia kwanza.

Mimi niliandika saa ya kulala na ya kuamka, swala nilizowahi, vikombe vya chai na vijiko vya sukari, na dakika nilizoongea na mke wangu televisheni ikiwa imezimwa. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyoniuma. Siku saba, jumla dakika ishirini na tano. Chai ilikuwa vikombe sita kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu. Kijiko kidogo cha sukari ni kama gramu 4, kwa hiyo nilikuwa nikinywa gramu 72 bila kuhesabu soda. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na likiwezekana ishuke hata chini ya 25. Hakuna aliyenihubiria. Daftari lilisema lenyewe.

Usidanganye daftari. Hakuna atakayelisoma ila wewe na yule utakayemchagua.

Pimwa, na upimwe vizuri

Lengo la mwili bila kipimo ni kubahatisha. Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii walipewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari, na yule wa mtaani kwetu hupita nyumba kwa nyumba. Kama wako humjui, muulize mzee wa mtaa, au nenda zahanati.

Presha ina adabu yake, na wengi hupimwa wakiwa wametoka kupanda ngazi. Sista aliyenihudumia alinizuia hata kunyoosha mkono. "Mzee, kaa kwanza." Dakika tano kimya. Mgongo uegemee kiti, nyayo zote mbili sakafuni, usikunje nne, mkono ulale mezani usawa wa moyo, kibofu kiwe kitupu, na kwa nusu saa kabla ya hapo usiwe umekunywa kahawa au chai kali wala kuvuta sigara. Usiongee mashine inapojaza. Pima mara mbili, na urudi siku nyingine, maana kipimo kimoja hakitoshi kuhukumu. Ikiwa kwa siku tofauti namba ya juu inafika 140 au ya chini 90, hiyo ni presha ya kushughulikiwa na daktari. Sukari ya asubuhi, ukiwa hujala chochote kwa saa nane, ikifika 7.0 kwa kipimo cha mmol/L, nayo vilevile. Andika namba na tarehe kwenye daftari.

Nami nilipewa vidonge. Nakuomba, ndugu yangu, kama umeandikiwa dawa usiziache kwa sababu umeombewa, au kwa sababu unajisikia mzima. Presha haipigi hodi. Vidonge havipunguzi imani ya mtu. Na kama una kisukari au presha na unataka kufunga Ramadhani, muone daktari wiki kadhaa kabla mwezi haujaandama akupangie saa za dawa au akukataze. Mgonjwa ana ruhusa yake katika dini yenyewe.

Kuna na kipimo kisicho na mashine. Kwa miezi mingi baada ya Sachangwan niliota zile taa nyekundu. Nilikuwa naamka nimelowa jasho, na mchana napandwa na hasira kwa jambo dogo. Nilimwambia maalim, akanifundisha dua za kulala, kisha yeye mwenyewe akanisihi nimuone mshauri wa hospitali. Nilikwenda mara sita. Dua na mshauri havigombani. Ukiandika "nimekosa usingizi kwa mawazo" siku tano katika saba, lengo lako la kwanza ni kumwambia mtu.

Chagua machache, uyaandike kama kazi ya mikono yako

Baada ya wiki, soma sehemu zote tatu uone ni nani amedhulumiwa zaidi. Anza na huyo. Lengo moja kwa kila mwenye haki, matatu jumla. Najua Januari mtu hutaka kumi, na Ramadhani hutaka ishirini. Kuna hadithi inayojulikana na wengi kwamba amali anayoipenda zaidi Mwenyezi Mungu ni ile ya kudumu hata ikiwa ndogo, na mimi naiamini kwa dini na kwa yaliyonipata.

Sasa maneno. "Nitapunguza uzito" si lengo, ni tamaa nzuri. "Nitakuwa karibu na Mungu" pia. Andika kitendo kilicho ndani ya uwezo wako, ambacho jioni unaweza kujibu ndiyo au la. Presha kushuka hakuko mikononi mwangu. Kumeza kidonge, kutembea na kuacha kuongeza chumvi mezani kuko. Chumvi yote ya siku, ya jikoni na ya mezani, inatakiwa iwe chini ya gramu 5, yaani kijiko kidogo kimoja, kwa hiyo tulianza kwa kuiondoa chupa ya chumvi mezani.

Nieleze jambo moja kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo nilipofundishika zaidi.

Mimi na kaka yangu mkubwa, anayeishi Kisumu, tulikosana juu ya kiwanja cha marehemu baba. Miaka minne hatukusemezana, na dini yetu hairuhusu kumnunia ndugu zaidi ya siku tatu. Kwenye sehemu ya watu wangu, jina lake ndilo nililoliogopa. Kwanza niliandika, "Nitapatana na kaka." Maalim akasoma, akasema, "Hilo ni lako na lake. Andika lililo lako peke yako." Nikaandika: kila Ijumaa baada ya swala ya Ijumaa, kabla sijavaa viatu, nitampigia kaka simu na kumsalimu.

Ijumaa ya kwanza nilisimama barazani mwa msikiti, viatu mkononi.

"Assalaam alaykum, kaka."

Kimya. Nikasikia redio upande wake, na tuktuk ikipita.

"Waalaykum salaam. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nilitaka kujua hali yako."

"Mzima."

Simu iliandika sekunde arobaini na moja. Jioni nikaweka alama ya ndiyo, kwa sababu nililoahidi nilikuwa nimelifanya. Ijumaa ya tatu hakushika, nikaweka alama ya ndiyo vilevile. Kama ningekuwa nimeandika "tupatane", ningelikata tamaa hapo. Ijumaa ya sita aliniuliza kuhusu presha yangu, sijui nani alimwambia. Wiki ya tisa alinipigia yeye, tena siku ya Alhamisi, akasema alidhani ningesahau kesho yake. Kiwanja bado hatujakimaliza. Lakini usiku nalala, na sista aliyenipima mwezi uliofuata aliuliza nimebadilisha nini.

Tundika lengo kwenye msumari uliokwisha kupigiliwa

Kitu kipya kikikosa mahali katika siku yako, kitaanguka. Mimi misumari yangu ni swala tano. Sisi wa Nakuru tuko karibu kabisa na ikweta, na mwaka mzima nyakati za swala husogea kwa kama nusu saa tu, wakati Waislamu wa Ulaya huona isha ikihama kutoka jioni hadi karibu na usiku wa manane. Msumari wetu hauchezi.

Baada ya alfajiri nameza kidonge; nimekiweka kando ya mswala, ili nikikunja mswala nikione. Kisha natembea kabla sijavua kofia. Mwezi wa kwanza nilitembea dakika kumi tu, na baridi ya asubuhi ya Nakuru mnaijua. Mwezi wa pili ishirini, halafu nusu saa, kutoka Bondeni kuelekea Nyayo Gardens na kurudi, siku tano kwa wiki. Hizo ndizo dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima azipate kwa wiki, angalau. Mwendo uwe ule ambao kuongea unaweza lakini kuimba kunakushinda. Adhuhuri, chakula cha mchana, na mboga iwe nusu ya sahani, iwe sukuma, managu, terere au kunde. Baada ya magharibi ni zamu ya mke wangu na watoto: televisheni imezimwa, simu ziko kabatini, mpaka isha. Haifiki saa moja na nusu, lakini hakuna anayeigusa. Baada ya isha, ukurasa mmoja wa msahafu, na saa tatu na nusu nimelala. Nikiamka saa kumi na moja nimepata saa saba na nusu. Tahajudi nimeibakiza usiku wa kuamkia Ijumaa tu, na siku hiyo nalala mapema zaidi. Haki ya Mola wangu nimeiona ikitimia zaidi kwa usiku mmoja nikiwa macho kwelikweli kuliko usiku saba nikisinzia kwenye sijida.

Sukari niliishusha kijiko kwa kijiko, wiki mbili kila hatua: vitatu, viwili, kimoja. Ulimi huzoea. Miraa niliiacha siku moja na sikuirudia. Hilo kwangu halikuwa la kupunguza, lilikuwa la kukata, na kila mtu ajue lake ni la aina gani.

Jirani yangu ni Mkatoliki, anauza mboga. Msumari wake ni rozari ya jioni, na jumuiya yao ya Alhamisi. Nilipomweleza haya alianza kwa kutembea na mwenzake wakisali njiani. Wewe usiye na saa za ibada zilizopangwa una chai ya asubuhi, kufungua duka, kengele ya shule ya watoto. Tafuta kile kinachotokea kila siku, upende usipende.

Sevisi

Kila gari la kazi lina kikaratasi cha sevisi kimebandikwa karibu na usukani: tarehe, kilomita za leo, kilomita za sevisi ijayo. Dereva hangoji injini ilie. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi mimi na mke wangu tunakaa na daftari. Anasoma yeye. Hili ni muhimu kuliko linavyoonekana, maana aliyedhulumiwa ndiye anayejua kama deni linalipwa. Ananiuliza lipi limekwenda, lipi limekwama, na je, katika kulipa huku kuna aliyekosa chake. Mwezi wa tano alisema, "Kutembea kwako ni kuzuri, lakini mtoto wa mwisho anakwenda shule hajakuona." Nikaanza kutembea na mtoto sehemu ya njia. Lengo halikufa, lilikatwa upya.

Utaanguka, na mara nyingi ni pale msumari unapong'oka. Mimi nilianguka likizo ya Aprili shule zilipofunga, na tena tulipokuwa na msiba nyumbani. Andika mapema, wakati uko sawa, mpango wa siku mbaya: kutembea kuwe dakika tano, ukurasa wa msahafu uwe aya tatu, simu iwe ujumbe. Ukikosa asubuhi, anza tena adhuhuri. Usingoje Jumatatu, na usilipize kwa kutembea saa mbili kesho yake. Mwili haulipwi hivyo, na moyo huchukia.

Jambo moja la tahadhari. Kwenye mapango ya Menengai, mlima wa volkano hapa Nakuru, watu huenda kufunga na kuomba siku nyingi, na siwazuii, kuna waliotoka huko na faraja. Ila kama unatumia dawa za kila siku, usipande kule kwa mfungo mrefu bila kumwambia daktari, bila mwenzako, na bila watu wako kujua uko wapi.

Ukurasa wangu wa mwezi huu una mistari mitatu. Mola wangu: swala ya adhuhuri kwa wakati wake, basi likiwa limeegeshwa, si baada ya zamu. Nafsi yangu: nusu saa siku tano, na kupimwa tarehe 12; mara ya mwisho ilikuwa 132 kwa 84. Watu wangu: kaka anakuja Jumamosi ya tatu, na nimemwahidi tutapanda Menengai pamoja polepole, yeye kwa magoti yake na mimi kwa presha yangu, tukiwa na chupa mbili za maji na mahamri ya shemeji yake.